Pakavu Chini ya Gari

Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kucheka mpaka mwisho. Alianza vizuri, kwa kicheko chake kile kizito cha mtu aliyelima pamba maisha yake yote, halafu katikati kicheko kikakatika na kikohozi kikashika nafasi. Akishamaliza kukohoa alikuwa amesahau kilichomchekesha, au alijifanya amesahau, na sisi tuliokuwa naye tukajifanya tunaangalia mbuzi. Kifua chake kilikuwa kimegombana na vitu viwili, vumbi na joto. Sasa niambie, mtu anayeishi ndani ndani huko Kasoli, mwezi wa tisa, malori ya pamba yakipita mlangoni, atavikwepa wapi vitu hivyo viwili.

Ndiyo maana mtu akiniambia AC ya gari ni anasa, namwangalia tu. Ukifungua vioo, vumbi linaingia na mama anabanwa. Ukifunga vioo, joto linapanda na mama anabanwa vilevile. Katikati ya hapo palikuwa na kitufe kimoja kidogo chenye alama ya theluji, na kwa muda fulani mwaka huu pumzi ya mama wa mke wangu ilitegemea kitufe hicho.

Mimi ni mpima ardhi. Nilizaliwa Njombe, kwenye baridi, nikapangiwa kazi Bariadi, na huku nikapata mke. Gari langu ni dogo, la Kijapani, rangi yake zamani ilikuwa ya fedha. Nilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Lina tabia zake: mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa nje tu, na honi inalia ikijisikia. Lakini AC, jamani, AC yake ilikuwa ya kweli. Mwalimu aliniambia siku ya kunikabidhi ufunguo, "Hili gari lina uzee kila mahali isipokuwa hapa," akagusa matundu ya hewa kwenye dashibodi. Hakunidanganya.

Tulimpeleka mama Mwanza mara ya kwanza mwezi wa saba. Kabla ya hapo aliwahi kujaribu kwa basi, na alipofika alishushwa akiwa ameshikiliwa huku na huku, moja kwa moja kwenye mashine ya oksijeni. Tangu hapo aliapa kwamba basi na yeye basi. Mke wangu alibembeleza wiki nzima kwamba gari letu lina baridi, hata kioo hakifunguliwi, ndipo akakubali.

Sasa, ukiwa mkwe wa kiume kwa Wasukuma, mama wa mke wako hamzoeani. Hamshikani mikono, hamli sahani moja, hamkai mkitazamana. Akiwa na neno na wewe analipitisha kwa bintiye, hata kama umesimama pale pale na masikio yako mawili. Kwetu nako tuna heshima ya mkwe, ila si ya kiasi hiki, na mwanzoni ilinichanganya. Baadaye niliipenda. Ni heshima inayokupa nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu.

Basi ndani ya gari mama alikaa nyuma yangu, kajifunika kitenge, mke wangu pembeni yake. Nilikigeuza kioo cha kutazama nyuma kikaangalia dari, ili macho yetu yasikutane, nikawa naendesha kwa vioo vya pembeni. Tulipovuka Nyashimo, mama akamwambia bintiye, "Mwambie mumeo, baridi hii ni ya kwao?"

Mke wangu akarudia, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Mwambie mama ndiyo," nikasema, "nimeiagiza imekuja na basi la jana."

Akacheka. Kicheko kikafika katikati, kikakatika. Lakini kikohozi chenyewe siku hiyo kilikuwa kifupi, na alifika Mwanza akitembea kwa miguu yake. Daktari wa kifua alimpima, akamtoa damu, akampiga picha, akasema arudi mwezi wa tisa kwa majibu na kuanzishiwa dawa. Akatusisitiza tusiikose siku hiyo, maana wagonjwa wake ni wengi na atakayekosa anarudi mwisho wa foleni, na kifua hiki, alisema akimwangalia mke wangu na si mimi, si kifua cha kukaa kwenye foleni.

Tulimrudisha mama kwake mchana wa siku ya pili. Nikaegesha uani karibu na jiko lake, nikawekewa kiti upande wa pili wa nyumba kama inavyompasa mkwe, nikaletewa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga na maji ya kunawa. Maji yalitoka kwenye ndoo ya mama ambayo naijua sana. Ina ufa ubavuni tangu sijaoa, na ufa huo ameuziba kwa pamba aliyoisokota ikawa ngumu, akaipaka samli. Haidondoshi hata tone. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliwahi kumletea ndoo mpya, mama akaiweka ndani inatunza mahindi.

Tukaaga, tukarudi mjini. Na kuanzia juma lile AC ikaanza kunifanyia vituko.

Haikufa. Ingekufa ningeielewa. Ukiwasha asubuhi inapuliza vizuri kabisa, unajisemea kumbe jana nilikuwa naota. Ukishatembea kidogo, upepo unapungua. Feni unaisikia inazunguka, tena inakoroma, lakini kwenye matundu inatoka pumzi ya mtu aliyelala. Baadaye hata baridi inaondoka. Ukisimama, ukazima, ukaliacha gari usiku kucha, kesho inaanza upya kama hakuna kilichotokea.

Mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kuacha kitu ambacho sijakielewa. Mke wangu anasema mimi nilitaka kuoa swali, nikakosa, ndipo nikamchukua yeye. Ningeweza kupeleka gari kwa fundi siku ile ile, lakini nilitaka kwanza nijue lina nini. Nikawa natembea na kipimajoto cha ofisini nimekiweka mbele ya tundu la hewa. Nikajaribu kwenda taratibu, nikajaribu kwenda mbio, nikajaribu asubuhi na jua la saa nane. Nilichogundua ni kwamba ikiwa imewashwa kwa muda mfupi, hata jua liwe kali vipi, inakubali. Ikiwashwa kwa muda mrefu inakata tamaa, hata kukiwa na wingu. Kwa hiyo haikuwa joto la nje lililoishinda. Kulikuwa na kitu kinachojazana ndani kidogo kidogo. Hapo nilikuwa nimekaribia kabisa, na sikujua kama nimekaribia.

Nikaenda kwa fundi wa AC. Ni mtu wa heshima zake, ana ovaroli safi kuliko mashati yangu ya kanisani, na anapenda kulisikiliza gari akiwa amefumba macho. Akafunga mipira ya geji, akasoma, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Gesi ipo, bosi. Kompresa inashika na kuachia vizuri. Feni ya mbele inazunguka."

"Kwa hiyo ni mzima?"

"Ni mzima anayeumwa," akasema.

Akafungua kile kiboksi cha mbele ya abiria, akachomoa chujio la hewa. Sote wawili tukaliinamia tukiliangalia. Lilikuwa limevaa koti. Nyuzi za pamba zilikuwa zimelifunika lote, zimechanganyika na vumbi, nene, kijivu. Msimu wa kuuza pamba hewa ya huku inakuwa na nyuzi zinazopeperuka kutoka kwenye malori, unazikuta mpaka kwenye chai. Fundi akalipiga chujio kwenye tairi, likatoa wingu. Mimi nikafurahi kama mtoto. Upepo unapungua, chujio limeziba, basi, kesi imekwisha. Tukaweka jipya.

Kesho yake nilikuwa na kazi ya kupima viwanja Lagangabilili. Njia nzima naimba. Baridi inakuja, upepo unakuja, nikampigia mke wangu nikamwambia ampe mama taarifa kwamba tuko tayari. Sijakata simu vizuri, feni ikaanza kukoroma. Nilipofika kwenye viwanja nilikuwa nimefungua vioo vyote vinne, na vumbi nimelila mimi.

Wakati wa kurudi ndipo niliposikia kitu kingine. Nikikata kona, chini ya dashibodi upande wa abiria, maji yanacheza. Chubwi, halafu kimya. Kona nyingine, chubwi. Nikajua ni chupa yangu ya maji imebiringika chini ya kiti. Nikasimamisha gari, nikatafuta. Nilipata kalamu, soksi na karanga, chupa sikuiona. Nikapapasa zulia chini ya miguu ya abiria, mkono ukarudi umelowa.

Jioni nikamuuliza mke wangu, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya upole, kama kuna siku alimwaga maji ndani ya gari.

"Mimi?" akasema. "Gari lako linanuka soksi iliyolala kwenye beseni, sasa unatafuta wa kumsingizia."

Ni kweli lilikuwa linanuka. Nilikuwa nimeizoea ile harufu mpaka sikuisikia tena. Nikarudi nje na tochi, nikainusa gari kona kwa kona, mke wangu kasimama mlangoni amekunja mikono ananiangalia nikipiga magoti kwenye kiti. Kwa nini maji yako ndani? Mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano. Rejeta haipungui, niliipima. Nilijisemea, gari halichimbi kisima. Maji haya yanatoka mahali, na hapo mahali ndipo penye jibu.

Fundi nilipomrudia na habari za maji, alifumba macho yake, akafikiri, akasema evapareta. Hicho ndicho kipozeo cha ndani, kile kinachokaa nyuma ya dashibodi na ndipo hewa inapopita ikawa baridi. Alisema huenda kimepasuka, au kimeoza, na njia ya kukiona ni moja tu.

"Dashibodi ishuke."

Moyo ukanishuka kabla ya dashibodi. Niliwahi kuona gari la mzee mmoja ambalo dashibodi yake ilishushwa. Ilirudishwa, sikatai, lakini tangu siku hiyo likipita kwenye barabara ya vumbi linapiga makofi. Na siku ya kliniki ilikuwa imekaribia mno, na fundi mwenyewe alisema kipozeo kikiwa kibovu itabidi kiagizwe Mwanza, kule kule ninakotaka kumpeleka mgonjwa. Nikamwambia nipe siku nifikiri.

Mke wangu alikuwa ameshampigia mama. Alipokata simu alikaa kitandani, nikajua nimeumia.

"Amesemaje?"

"Anasema nikwambie usihangaike. Anasema atakaa tu nyumbani."

Kukaa tu nyumbani maana yake ni nini, sote wawili tulijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mke wangu alilia kidogo kwa hasira, akafuta macho, akaanza kupiga simu kutafuta gari la kukodi lenye AC nzima. Alilipata moja, lakini mama atakaa na dereva asiyemfahamu, na akibanwa njiani huyo mgeni atamwona akihangaika kuvuta pumzi, kitenge kimemwanguka. Mama akakataa. Nilimwelewa. Kwangu alikuwa amekubali kwa kuwa anajua kioo changu kinaangalia dari.

Siku iliyofuata nilikuwa ofisini, sifanyi kitu. Nimesimama dirishani na kikombe cha chai, naangalia maegesho. Bosi alikuwa ameingia kutoka safari, gari lake kubwa limesimama juani. Kuku wa nyumba ya jirani, ambao wanajiona watumishi wa ofisi yetu, wakatoka uani kwao wakaenda moja kwa moja chini ya gari la bosi. Wakawa wanainama, wanainua vichwa, wanameza. Wanakunywa. Gari lilikuwa limefanya kidimbwi kidogo chini yake, matone yanadondoka bado, tii, tii. Nilishawaona siku nyingi wakifanya hivyo, sikuwahi kuwajali. Magari yote yenye AC hufanya hivyo. Hewa ya moto inagusa kipozeo cha baridi, inatoa jasho, jasho linatoka kwa mrija mdogo, linadondoka chini.

Nikaangalia gari langu, lililosimama pembeni ya la bosi. Nami nilikuwa nimeingia nalo muda mfupi uliopita, AC ikiwaka njia nzima hata kama inakoroma. Chini yake palikuwa pakavu. Hakuna kuku hata mmoja aliyeligeukia.

Chai sikuimaliza. Nilitoka nje nikalala kifudifudi kwenye mchanga, na suruali ya ofisini. Mlinzi akaja akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, nimepoteza maji. Akaniacha. Nyuma ya tairi la mbele kushoto, pale ambapo hata mtu aliyepiga magoti mkono wake unafika, palikuwa na mrija mweusi wa mpira umetokeza kidogo. Nikaushika. Ulikuwa umevimba, wa baridi. Nikaingiza kidole, kikagota kwenye kitu laini kilichokaza. Nikakivuta kwa kucha, kikatoka kidogo, kikaja, kikaja kingine, kumbe ni kirefu, kimesokotwa kama kamba. Kilipotoka chote, maji yote ya miezi miwili yakanishukia kifuani. Yalikuwa ya baridi na ya rangi ya chai, na yalinuka ile ile soksi. Sijawahi kufurahia kulowa namna ile.

Nikawasha gari, nikawasha AC, nikakaa na shati linalodondoka. Maji yalikuwa yamejaa ndani ya kasha la kile kipozeo, hewa ikakosa pa kupita, feni ikawa inakoroma kwa kuzungukia kwenye maji; usiku yakipungua kwa kumwagikia kwenye zulia, ndiyo maana asubuhi ilianza upya. Sasa feni ilitulia. Upepo ukaja umenyooka. Nikakaa pale muda mrefu, kipimajoto mkononi, mpaka kikanipa baridi ya Njombe na ikabaki hivyo hivyo.

Halafu hasira zikaja. Nani kaniziba gari? Niliitazama ile kamba ya pamba kiganjani. Haikuingia yenyewe. Ilisokotwa na mtu, ikasukumwa na mtu. Niliwaza fundi, nikamwondoa, maana ugonjwa ulianza kabla yake. Nikawaza waosha magari, nikawaza mtu mmoja tuliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, nikafika mbali. Nikaisogeza puani. Ilinuka samli.

Hapo nilizima gari, nikabaki nimekaa.

Nilipomwonyesha mke wangu hakuhitaji hata kuishika. Alifunika mdomo kwa mkono wote.

"Mama," akasema.

Alikumbuka kwamba siku ile tuliporudi, mimi nikiwa upande wa pili wa nyumba nakula michembe, mama alisimama muda mrefu jikoni akiliangalia gari. Akamuuliza kama gari linakunywa maji. Mke wangu, aliyekuwa anapakua, akajibu ndiyo, gari linawekwa maji, likiishiwa linaungua. Basi. Mama kaona gari la mkwe wake, lililomfikisha Mwanza akiwa hai, linavuja maji uani kwake tone kwa tone, na mwenyewe anakula hana habari.

"Sasa si angeniambia?"

Mke wangu aliniangalia kama anaangalia mtu asiyejua kusoma. "Akwambie nini? Mkwe akwambie gari lako bovu? Tena uani kwake, umemleta? Hiyo ni kukuvunjia heshima. Amelinyamazia, amelitengeneza."

Nikamfikiria mama na kifua chake, amepiga magoti kwenye vumbi analolikimbia, mkono chini ya gari, anasukuma pamba na samli ili mkwe wake asije akaunguliwa na gari njiani. Hasira zote ziliisha. Niliona haya kwa ajili ya zile nilizokuwa nazo, nikaona pia kitu kingine ambacho sikujua nikiite nini. Nilijua nimependwa na mtu ambaye hajawahi kunitazama usoni.

"Tumwambie," nikasema.

"Thubutu. Utamwambia mama yangu kwamba nusura akose dawa kwa mkono wake mwenyewe? Ataona aibu mpaka kaburini."

"Tusipomwambia ataziba tena."

Heshima ile ile iliyomzuia mama kuniambia, sasa ilikuwa imetubana sisi.

Siku ya kliniki tuliondoka alfajiri. "Mwangaluka mayu," nikamsalimia nikiwa nimeangalia mlango wa gari, akaitikia akiwa ameangalia mlango wa nyumba. Kioo kikaangalia dari. Malori ya pamba yalikuwa yameshaanza, vumbi limesimama barabarani kama ukuta, na sisi tukapita katikati yake vioo vimefungwa, upepo wa baridi unavuma bila kupungua. Nilisikiliza nyuma yangu njia nzima. Nilisikia kitenge kikivutwa, nilisikia wakinong'ona Kisukuma. Kubanwa sikukusikia. Tulipotokea kwenye lami nilitambua kwamba mabega yangu yalikuwa yamenipanda mpaka masikioni, nikayashusha.

Daktari alisema pumu, ya siku nyingi, imeachwa bila dawa inayostahili, na moshi wa jikoni umesaidiana na vumbi. Hakusema lile tulilokuwa tunaliogopa. Akampa mama dawa ya kuvuta kwa mdomo, muuguzi akamfundisha namna ya kuivuta, na mama, ambaye hapendi kufundishwa, akaifanya vizuri mara ya pili na kumwuliza muuguzi kama na yeye anaijua. Akaambiwa aitumie kila siku, hata akijisikia mzima. Tukalala kwa ndugu, asubuhi tukaanza kurudi.

Nilikuwa nimefikiri usiku ule, na nilikuwa na mpango, lakini mke wangu sikumwambia kwa kuwa angenikataza. Tulipofika Kasoli niliegesha pale pale karibu na jiko. Sikuzima gari. Mama akashuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa jiko lake kupumzika. Chini ya gari matone yalishaanza, tii, tii, mchanga unabadilika rangi. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameyaona. Alikuwa anayaangalia jinsi mtu anavyoangalia kazi yake iliyofumuka.

Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Niombee kwa mama ndoo yake. Ile yenye pamba."

Mke wangu alinitolea macho. Lakini akaenda, akaileta. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaisukuma chini ya gari, mdomo wake ukakaa chini ya mrija. Matone yakaanza kupiga ndani ya ndoo kwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea. Nikakaa pale pale nimechuchumaa, mgongo nimeuelekeza jikoni, nikisubiri. Yalipokuwa yametosha, nikaivuta ndoo, nikaenda kuyamwaga kwenye shina la mpapai wake, polepole, kama kazi ya kila siku. Nikarudisha ndoo chini ya gari, ijae tena.

Kuku wa mama wakaja, wakanywa yaliyomwagikia pembeni.

Kisha nikasikia sauti yake nyuma yangu. "Mwambie mumeo," akasema taratibu, "kumbe ni jasho lake."

"Anasema kumbe ni jasho lake," mke wangu akarudia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, sijui kwa woga au kwa kucheka.

"Mwambie mama ndiyo. Likifanya kazi vizuri, linatoka jasho."

Nilikuwa naiangalia ile pamba kwenye ubavu wa ndoo, haidondoshi hata tone.

"Basi mwambie," mama akasema, "mimi nililiziba pumzi."

Mke wangu hakurudia. Nikajibu mwenyewe, bado nikiwa nimeangalia ndoo. "Mwambie mama gari limeshapona. Linashukuru, linasema wabeja."

Ndipo akacheka. Kilianza kama ninavyokijua, chini kabisa, kizito. Nikashika ukingo wa ndoo nikisubiri pale katikati kinapokatika. Kilifika hapo, kikapita. Kikaendelea, kikapanda, kikashuka, akavuta pumzi, akaanza tena upya, na mke wangu naye akaanguka kwenye kizingiti cha jiko akicheka na kulia. Sikugeuka, maana haifai. Nilibaki nimechuchumaa pale namsikiliza mpaka alipomaliza mwenyewe.